Nyuma ya Mgongo wa Fundi

Miezi mitatu ya mwanzo sikuiona minazi ya Mapinga. Nilipita hapo kila Jumamosi asubuhi, kwenda Bagamoyo na kurudi, lakini mtu angeniuliza kuna nini kando ya barabara nisingekuwa na la kumjibu. Nilichokiona mimi ni tairi. Tairi la nyuma la baiskeli ya Fundi, lenye doa jeupe ubavuni lililogeuka mstari mara tu mwendo ulipochanganya, na juu yake miguu miwili mikavu ikipanda na kushuka bila haraka. Ulimwengu wangu wote ulikuwa na upana wa sinia.

Watu wakisikia nimeanza mbio za baiskeli huniuliza mambo mawili: umeinunua shilingi ngapi, na unakimbia kasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, unamfuata nani? Nami sasa naamini hilo ndilo swali lenyewe. Mbio za barabarani kwa sehemu kubwa ni fani ya kumfuata mtu vizuri, na ya kumwongoza anayekufuata hata asijue kwamba anaongozwa. Nimekaa nyuma ya mgongo wa mtu mmoja kwa mwaka mzima nikiitazama fani hiyo, na bado kila Jumamosi naona kitu ambacho Jumamosi iliyopita sikukiona.

Mimi ni mtoto wa Kunduchi. Babu yangu alivua kwa ngalawa, mimi nafundisha fizikia sekondari. Nilifika kwenye banda la Fundi pale Tegeta nikikokota baiskeli ya mtumba, ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yake yako kwenye fremu. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akaiangusha chini kidogo ili asikilize inavyolia, akatikisa usukani, akazungusha pedeli kinyumenyume. Kisha ndipo akanitazama mimi, na nikaona kwamba sasa ananikagua mimi vilevile.

"Unataka kushindana, au unataka mazoezi?"

Nikasema nataka kushindana.

"Basi Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale kituo cha mafuta. Ukae nyuma yangu. Usinipite, usiniache."

Fundi ni mtu wa Shinyanga, amevuka miaka 50. Huko kwao baiskeli ni mguu wa mtu: hubeba pamba, madumu ya maji, mgonjwa wa kwenda zahanati na abiria wa kulipa. Ujanani alishindana kwa baiskeli hizohizo. Wanang'oa keria, wanang'oa madigadi, wanapanda. Chuma kitupu, hakina gia ya kubadilisha, uzito karibu kilo 20. Leo sheria za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli zinakataza baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8, maana viwanda vimejua kuzipunguza kupita kiasi. Huwa nazifikiria tarakimu hizo mbili ninapomwona anavyokanyaga. Mtu aliyefundishwa na chuma cha kilo 20 hana mwendo wa kupoteza hata kidogo. Kila alichokipata kwa jasho anakitunza.

Somo la upinzani wa hewa nalifundisha kila mwaka, ubaoni, kwa chaki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa hukupinga mara nne, na nishati unayotumia kila sekunde kuishinda hewa hiyo hupanda mara nane. Wanafunzi wanaandika, wanafaulu mtihani. Mimi mwenyewe nililielewa somo langu siku ya kwanza pale baada ya Bunju, barabara ilipoteremka kuelekea daraja la Mpiji na kuanza kupanda tena. Nilimwacha Fundi akatangulia hatua nne, tano tu. Hapo hapo ikawa kama mtu amenifungulia mlango usoni. Hewa ilinijia kifuani yote, mapaja yakaanza kuwaka, na zile hatua tano zikawa kumi, kisha ishirini. Yeye hakuongeza mwendo. Aliendelea vilevile, na mimi niliyekuwa naye sekunde chache nyuma sikuweza tena kumpata.

Ukiwa nyuma ya mwenzako, karibu sawasawa, mwendo uleule unakugharimu pungufu kwa robo, pengine hata theluthi. Ukiwa katikati ya kundi kubwa, watu mbele, watu kulia na kushoto, unaweza kukanyaga kama unakwenda dukani huku kipimo kinasoma kilomita 40 kwa saa. Ndiyo maana katika mbio mwenye nguvu si lazima ashinde. Ndiyo maana pia watu wanaofukuzana hushirikiana: huyu anavuta mbele, anachoka, anatoka pembeni na kurudi mkiani, anayefuata anashika zamu. Wapinzani wanapeana kivuli cha upepo, kilomita baada ya kilomita, hadi karibu na mwisho.

Lakini hilo neno "karibu sawasawa" ndilo lenye kazi. Karibu maana yake ni kama sentimita 30 kati ya tairi lako na lake, kwa mwendo unaokata mita 10 kila sekunde. Mimi nilikuwa nikikodolea macho lile tairi kana kwamba nikipepesa litaniponyoka. Fundi alijua, sijui alijuaje, maana hakuwa akigeuka nyuma.

"Acha kulitazama tairi," alisema wiki ya tatu. "Tazama kiuno changu. Tairi linachelewa kukupa habari. Kiuno kinawahi."

Na kweli. Kiuno huinama kabla baiskeli haijapinda. Huinuka kabla mtu hajasimama kwenye pedeli. Baadaye nikajifunza na kusikiliza: gurudumu la nyuma la baiskeli ya mbio likianza kulia tikitiki-tikitiki, ujue aliye mbele ameacha kukanyaga, na pengo lako linafupika sasa hivi. Lake halikulia. Katika safari nzima ya kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita 40 kutoka Tegeta, ningeweza kuhesabu kwa vidole mara nilizosikia gurudumu la Fundi likilia. Alikuwa akiona mbele, bajaji inayojifikiria, mbuzi, tuta, akapunguza nguvu mapema mno hata hakukuwa na haja ya kuacha kukanyaga. Nyuma yake mimi na wenzangu wa kundi tulipita pale kwenye bajaji bila kujua kwamba palikuwa na bajaji.

Breki aliniambia nizisahau. Si kwamba nisiziguse kabisa. Nisizitumie kurekebisha pengo. Ukishika breki ukiwa kwenye mstari wa watu wanane, wa nyuma yako atashika zaidi, na wa nane atasimama au ataanguka. Ukiona unamkaribia mno aliye mbele, jisogeze pembeni kiasi cha upana wa kiganja, kichwa chako kitoke kwenye kivuli chake, upepo ukupige. Upepo wenyewe utakupunguza mwendo. Kisha rudi. Nilipolijaribu mara ya kwanza likakubali, nilicheka kwa sauti peke yangu kwenye barabara ya Bagamoyo. Ile hewa niliyokuwa nikiichukulia kama adui imegeuka breki laini kuliko breki yoyote ya kiwandani.

Nilianguka mara moja, pale Boko. Nilikuwa nimechoka, tairi langu la mbele likaingia ubavuni mwa tairi lake la nyuma, yakapishana kiasi cha vidole vitatu. Bodaboda ikachomoza kutoka kwenye kichochoro, Fundi akaikwepa kidogo tu, na matairi yetu yakagusana. Aliye mbele huwa hahisi kitu. Aliye nyuma ndiye anayekwenda chini, na huenda chini upesi kuliko anavyoweza kufikiri. Nilichubuka kiwiko na goti. Fundi alirudi, akanikalisha kwenye kivuli cha mwembe, akanimwagia maji ya chupa yake kwenye kidonda, akanyamaza hadi nilipoacha kutetemeka. Kisha akasema, "Gurudumu lako lilale nyuma ya langu, mwanangu. Lisilale pembeni." Halijalala pembeni tena.

Rimu ya mbele ilipinda, na kwa sababu hiyo nikapata kumwona kwenye kazi yake nyingine. Au niseme kwenye kazi ileile, mahali pengine.

Aliigeuza baiskeli yangu magurudumu juu, akasogeza mpira wa breki mpaka ukabaki mwanya wa kupitisha karatasi, akalizungusha gurudumu polepole na kusikiliza. Shh. Shh. Shh. Kila mzunguko rimu iligusa mpira mahali palepale. Hakukimbilia kukaza. Kwanza alizigusa spoki zote, mojamoja, kwa ukucha, kama mtu anayejaribu zeze kabla ya ngoma. Gurudumu la mbele, alinieleza, spoki zake za pande zote mbili zinatakiwa kulia sauti moja. La nyuma ni tofauti: upande wa kaseti, yaani wa meno ya gia, spoki zimesimama wima zaidi, zinalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo zinalia juu zaidi. Langu lilikuwa likilia hovyo, hii juu, hii chini, mbili zimekufa kabisa.

"Rimu imenyooka kwa sababu ya ugomvi," alisema. "Za kulia zinavuta kulia, za kushoto zinavuta kushoto, hakuna anayeshinda. Akishinda mmoja tu, umepata hii yako."

Akachukua ufunguo mdogo wa kukazia, akashika kile kijinati kinachoikamata spoki kwenye rimu, akageuza robo mzunguko. Akazungusha gurudumu. Akasikiliza. Kwa upande wa pili akalegeza robo mzunguko, kwani ukikaza tu bila kulegeza, rimu itavutwa kuelekea katikati na gurudumu litapoteza uduara. Umeondoa kosa la kuyumba umeleta kosa la kuruka. Robo hapa, nusu ya robo pale. Halafu akazishika spoki mbilimbili zilizo sambamba, akazibana kwa viganja kwa nguvu zake zote, zikalia ka, ka, ka, zikitafuta mahali pa kukaa. Akaanza upya. Nilikaa kwenye kopo la rangi kwa dakika 40 nikimwangalia mtu akirudia jambo moja, na sikuona hata mara moja ameligeuza lile gurudumu zaidi ya lilivyohitaji. Sauti ya kugusa ikafifia, ikabaki kama pumzi, ikatoweka. Akanitoza shilingi 3,000.

Jumamosi iliyofuata nikiwa nyuma yake ndipo nilipoutambua mkono huo barabarani. Kila alichokifanya kilikuwa robo mzunguko. Anapotaka kusimama kwenye pedeli kupanda kilima, kwa mfano. Sisi wengine tukiinuka, kuna nukta ambayo mguu unaacha kusukuma, na baiskeli hurudi nyuma kiasi cha kiganja kizima usoni mwa anayekufuata. Watu huanguka kwa hilo. Fundi hubadilisha gia kwanza, huifanya nzito kidogo, husubiri mguu ufike juu, kisha huinuka ule mguu ukiwa unashuka. Baiskeli yake hairudi hata unywele. Nilihitaji wiki nyingi kuona tu kwamba kuna kitu anafanya, na wiki nyingi zaidi kukiweza, na hata leo nikichoka huniponyoka. Yeye anakifanya kwenye kila kilima kati ya Tegeta na Bagamoyo, hata siku ambayo nyuma yake hakuna mtu. Nimemwona kwa mbali. Alikuwa peke yake, na bado alisubiri mguu ushuke.

Upepo ni habari nyingine, na hapo angalau nilikuwa na changu cha kuleta. Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo, bahari ikiwa upande wa kulia. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, hukusukuma mgongoni hadi Bagamoyo, ukajiona bingwa. Kisha unageuza, na lile deni lote unalipa njia nzima ya kurudi, na ukichelewa kuondoka upepo unazidi kadiri jua linavyopanda. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hukupiga ubavuni wakati wa kwenda. Na upepo wa ubavuni ndio mgumu kuusoma, kwa kuwa kivuli cha mwenzako hakipo tena nyuma yake. Kimelala upande, kwa mshazari. Inabidi ukitafute kilipo, si nyuma, bali nyuma na pembeni, huku gurudumu lako likibaki salama. Katika mbio, barabara ikiwa imefungwa, kundi hujipanga mshazari kama bata wanaoruka, hadi barabara iishe. Atakayekosa nafasi hubaki ukingoni bila kinga, na huyo hadumu.

Fundi alikuwa akieleza haya kwa mikono, huku, kule, hapa panapigwa, hapa hapapigwi. Nikamwambia kwetu majina yapo. Upande unaotoka upepo ni joshi. Upande uliokingwa ni demani. Babu alikuwa akituambia watoto tuketi wapi ndani ya ngalawa kwa maneno hayo mawili.

Akayarudia taratibu. "Joshi. Demani." Akatikisa kichwa. "Nyie watu wa pwani mmekaa na upepo siku nyingi."

Ukutani bandani amebandika picha ya Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo, na akavaa jezi ya kijani hadi mwisho. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu, tulibanana watu sita mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la grisi. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zaidi ya 267, kupanda na kushuka vilima siku nzima. Tadej Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mwalimu wa fizikia ndani yangu aliona sababu: mlima ukiwa mkali mwendo hushuka, na mwendo ukishuka kivuli cha mwenzako hakikusaidii sana, kila mtu hubaki na mapafu yake. Wenzangu walikuwa wakimshangilia Pogačar. Fundi alikuwa akiwaangalia wale waliovuta mapema, saa za mwanzo, ambao kamera ikishapanda mlimani huwasahau. "Huyu," alisema akimwekea kidole mmoja wao kwenye kioo, "tazama mabega yake. Hayacheki, hayalii." Sikumjua jina. Nadhani naye Fundi hakumjua.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za mzunguko mfupi wa kurudiarudia, karibu na bahari. Nilijiandaa kwa miguu nikasahau kona. Kundi likiingia kwenye kona, wa mbele hupunguza kidogo na kutoka upesi. Wa nyuma hupunguza zaidi, na akitoka anakuta wenzake wameshachanganya, akimbie kuwafikia. Mstari unavutika kama mpira wa manati, na mimi nilikuwa mkiani, mahali ambapo mpira unauma. Kona ya kwanza niliweza, ya kumi niliweza. Baada ya hapo nikaacha mwanya wa baiskeli moja, kisha mbili, na upepo uliokuwa umezuiwa na migongo ya watu 20 ukanishukia wote kwa pamoja. Jambo lililonishangaza ni ukimya. Ndani ya kundi kuna kelele, minyororo, pumzi, watu wakiitana "shimo kushoto!" Ukiachwa, unabaki na tairi zako mbili.

Nilisimama kando, nikaegemeza baiskeli kwenye mnazi, nikatazama mzunguko wa mwisho. Ndiyo sababu naweza kuusimulia.

Fundi alikuja akiwa wa tano au wa sita, na nyuma yake kijana mmoja wa kundi letu, mwenye mbio sana na subira kidogo. Upepo ulikuwa ukitoka baharini. Niliona Fundi akisogea kuelekea upande wa bahari, kama nusu mita, si zaidi, na kijana akajikuta kwenye demani bila kuhangaika kuitafuta. Wakawapita wawili. Fundi hakuinuka kwenye kiti. Akawapita wengine kwa kuongeza mwendo kidogokidogo, na kwa namna kijana alivyokuwa akipumua, mdomo umefungwa, nilijua kwamba hajahisi ameongezewa. Zilipobaki kama mita 200 Fundi akatoka pembeni upande wa upepo, njia ikabaki wazi mbele ya kijana kama mlango uliofunguliwa na mtu aliyejua utapita lini, na kijana akafyatuka. Alishika nafasi ya tatu. Walimbeba juu juu. Fundi alivuka mstari nyuma kabisa ya macho ya watu, mikono juu ya usukani, akakanyaga taratibu hadi kwenye kivuli, akashuka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulizungusha gurudumu lake la nyuma na kuinama kusikiliza.

Siku hizi naiona minazi ya Mapinga. Mwezi wa Julai tulikuwa tukirudi, tumeshapita Kerege, kusi ikitupiga usoni ikitokea kushoto, na zamu ya kuvuta ikawa yangu. Nilikumbuka nisiongeze, anayeshika zamu hudumisha mwendo uleule, wa kupunguza ni yule anayetoka. Kiongozi aliyenitangulia akarudi mkiani, na kwa muda sikujua nani yuko nyuma yangu. Nikasikiliza. Hakuna tikitiki. Hakuna breki. Hakuna hata sauti ya gia. Nikaona shimo, nikalionyesha kwa kidole chini, nikasikia neno likipokewa na kupelekwa nyuma, "shimo, shimo, shimo," likififia. Ndipo sauti yake ikaja, karibu na bega langu la kulia, imetulia kama mtu aliyekaa barazani.

"Sogea kushoto kidogo, mwanangu. Nipe demani."

Nikasogea kiasi cha nusu mita, hadi tairi langu likawa juu ya mstari mweupe.